Waifai ya Bure Ugenini

Naenda Berlin kupitia Dubai. Nitapata wapi intaneti ya bure?

Dubai haina taabu: uwanja wa ndege una waifai ya bure. Ila Falme za Kiarabu huzuia simu za sauti na video za WhatsApp. Ujumbe wa maandishi hupita. Waambie wa nyumbani mapema, mama asije akakesha akingoja simu isiyoita.

Berlin kwenyewe, tafuta mtandao wenye neno Freifunk. Ni kazi ya watu wanaojitolea kugawana intaneti na majirani na wapita njia, na mtandao huo hauombi nywila. Nawaheshimu sana, maana kabla ya sheria kurekebishwa mwaka 2017, Mjerumani mwenye mkahawa aliweza kushtakiwa kwa kosa la mteja aliyetumia mtandao wake, hivyo wengi walifunga mitandao yao. Ukitembelea miji mingine ya Umoja wa Ulaya, angalia kwenye viwanja na maktaba jina WiFi4EU: Umoja huo ulizipa halmashauri vocha za euro 15,000 kila moja kufunga mitambo ya waifai ya bure.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Nina nafuu yoyote?

Kubwa! Uliza idara ya kompyuta chuoni kwako kuhusu eduroam, waifai ya pamoja ya vyuo. Chuo kikiwa mwanachama, jina na nywila unazotumia Nairobi au Kampala zitakuunganisha katika vyuo vya nchi nyingi. Sanidi simu ukiwa bado chuoni, ujaribu, uone inashika. Ukifika huko bila kusanidi, hakuna wa kukusaidia.

Mtandao unanidai namba ya kuthibitisha kwa ujumbe mfupi. Nifanyeje?

Hapa ndipo wasafiri wengi hukwama. Wamenunua laini ya ugenini, wakaiacha ya nyumbani sandukuni, na namba inatumwa huko huko. Kabla ya kuondoka, washa huduma ya kutumia laini yako nje ya nchi, uulize gharama ya kupokea ujumbe, kisha zima data yake, kwani data ndiyo inayokomba salio.

Na mambo ya benki kwenye waifai ya bure, ni salama?

Muulize mhudumu jina kamili la mtandao, kwa sababu matapeli hufungua wenye jina linalofanana. Miamala ya pesa ifanye kwa bando lako mwenyewe. Ukimaliza, futa mtandao huo kwenye simu, isije ikajiunga yenyewe siku nyingine.