Kufundisha Kutazama: Sanaa ya Video katika Somo la Sanaa la Shule ya Msingi

Madhumuni ya makala haya ni kumwonyesha mwalimu mtarajiwa jinsi anavyoweza kuitumia sanaa ya video katika somo lake, hata pale ambapo shule haina kamera wala umeme. Mtoto wa Njiro huona picha za mwendo nyumbani, katika mabasi na katika simu za wakubwa wake. Huziona nyingi, lakini ni nadra kuulizwa ameona nini. Asipofundishwa kutazama, ataamini kila picha kama ilivyoletwa kwake.

1. Asili ya sanaa hii

Kwa sanaa ya video tuna maana ya kazi ambayo msanii huitengeneza kwa picha za mwendo na sauti, ili itazamwe katika maonyesho kama mchoro au kinyago kitazamwavyo. Si lazima isimulie hadithi kama sinema, wala itoe habari kama televisheni.

Wengi huhesabu mwanzo wake tangu Machi 1963, wakati Nam June Paik, msanii mzaliwa wa Korea, alipoonyesha televisheni katika jumba la sanaa mjini Wuppertal, Ujerumani Magharibi. Alikuwa amezibadili mitambo yake ili picha zipindike. Katika mojawapo, mtazamaji alisema kwenye kipaza sauti, na sauti yake ikaibadili picha iliyokuwa kwenye kioo. Tangu hapo mwanzo, basi, mtazamaji hakuachwa akae tu na kupokea.

Baadaye katika miaka hiyo ya 1960 zikaja kamera za video za kubebeka. Filamu ilihitaji kusafishwa kwa dawa kabla ya kutazamwa; kanda ya video ilitazamwa papo hapo. Msanii akaweza kufanya kazi peke yake pasipo studio. Mwaka 1969 jumba la Howard Wise mjini New York lilifanya maonyesho mazima juu ya televisheni kama chombo cha sanaa. Huku kwetu, Zanzibar ilipata televisheni katika miaka ya 1970, na Tanzania Bara ikangoja hadi 1994. Tulichelewa kwa kukosa vyombo, wala si kwa kukosa wasanii.

2. Wasanii wa Afrika Mashariki

Rehema Chachage, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987 na kusomea sanaa katika Chuo Kikuu cha Cape Town, hutumia video, sauti na maigizo. Kazi zake nyingi zimechota katika masimulizi na mila za wanawake wa ukoo wake, na ameshirikiana na mama yake, mwandishi Demere Kitunga.

Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, alionyesha kazi iitwayo The End of Carrying All katika maonyesho makubwa ya Venice, Italia, mwaka 2015. Mwanamke anatembea nyikani akiwa na kikapu kichwani. Kila anapokwenda mzigo unaongezeka, naye anazidi kuinama, mpaka mwisho yeye na mzigo wake wanamezwa na ardhi. Hakuna anayetueleza maana yake.

3. Namna ya kuonyeshwa

Leo video ina nafasi ya kawaida katika maonyesho makubwa ya sanaa. Mara nyingi huonyeshwa katika chumba chenye giza, pengine kwa vioo kadhaa pamoja, nayo hurudiwa mfululizo. Mtazamaji aweza kuingia katikati, hivyo hana budi kujitafutia mwanzo na mwisho. Wengi hupita upesi. Anayevumilia ndiye anayefaidika.

Tofauti yake ni kibanda cha video, ambamo msimulizi huifasiri filamu ya kigeni kwa Kiswahili na kuongeza maneno yake. Huo nao ni ustadi, lakini mwalimu wa sanaa asiwe msimulizi wa aina hiyo. Akieleza yote, mtoto hana tena la kutazama.

4. Somo la mfano: Mzigo (Darasa la Tano, vipindi viwili)

Zana: karatasi ngumu, boksi, vijiti viwili, gundi na rangi.

(a) Kila mwanafunzi akate tundu la mraba katika karatasi, aitazame sehemu moja ya Mlima Meru kupitia tundu hilo kwa dakika tano, bila kusema. Kisha aeleze kilichobadilika: wingu, kivuli, ndege, mpita njia. Hivyo ndivyo kamera iliyotulia ifanyavyo kazi.

(b) Mwalimu aisimulie kazi ya Mutu kwa ufupi. Aulize kwanza, "Mmeona nini akilini?" Swali la maana lije baadaye.

(c) Vikundi vichore picha sita juu ya mtu na mzigo wake. Picha ziunganishwe kuwa ukanda mmoja, ncha zake zizungushiwe vijiti, na ukanda upitishwe mbele ya dirisha la boksi.

(d) Kila kikundi kionyeshe ukanda wake mara tatu: kwanza kimya, pili kwa sauti za mawe, makofi au mvumo, tatu kwa kuanzia katikati. Darasa lijadili jinsi maana ilivyobadilika.

Tahadhari inahitajika. Wapo watoto, hasa wasichana, ambao wamebeba ndoo za maji kabla ya kufika shuleni. Mmoja wao akichora ndoo, mwalimu asiharakishe kutoa funzo, amsikilize kwanza. Pengine hiyo ndiyo nafasi ya kwanza aliyopata kulionyesha jambo lake mbele ya wengine. Aidha, penye simu ya kurekodia, sura za watoto zisisambazwe bila idhini ya wazazi.

5. Kupima somo

Tusipime uzuri wa michoro peke yake. Tupime kama mwanafunzi aweza kutaja alichokiona, kukitenganisha na alichokidhania, na kueleza kwa nini picha ile ile ilibadilika sauti ilipobadilika. Mtoto awezaye hayo atakuwa na swali la kuuliza picha yoyote atakayoletewa kesho.

Maswali ya kujadili

1. Kuna tofauti gani kati ya kutazama sinema na kutazama kazi ya video katika maonyesho?
2. Mwalimu aseme kiasi gani wakati wanafunzi wanatazama?
3. Tayarisha somo kama hili kwa kutumia mada nyingine itokayo katika mazingira ya shule yako ya mazoezi.