Friji Kuukuu na Insulini

Msomaji wa Kiminini unayeweka insulini katika friji kuukuu, taa kuwaka si hoja. Chupa ambayo haijafunguliwa yahitaji nyuzi 2 hadi 8. Tia kipimajoto cha friji (si kile cha homa!) ndani ya gilasi ya maji, ukisome asubuhi.

Joto likizidi, bana karatasi mlangoni. Ikichomoka kwa urahisi, mpira umechoka. Chomoa umeme, pangusa vumbi kwenye vyuma vya nyuma, uiache friji mbali kidogo na ukuta. Barafu nene iyeyushe, bila kisu. Ikishindikana, huenda gesi imevuja: mwite fundi.

Insulini iliyoganda itupe, hata ikiyeyuka. Iliyopata joto, muulize mfamasia upesi, wala usiache kujidunga ukimngojea fundi.