Upasuaji wa Kano za Bega Zilizochanika Sana

Bega huzunguka pande nyingi kuliko kiungo kingine chochote mwilini, kwa kuwa kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na kisahani cha mfupa wa bega kinachokipokea ni kidogo na hakina kina. Kano za misuli minne hukibana kichwa hicho mahali pake, ili msuli mkubwa wa nje uweze kuuinua mkono. Zikichanika sana, kichwa huvutwa juu na mkono hushindwa kuinuka.

Kano huchanika kwa ajali, kama vile kuanguka kutoka mnazini, au kwa uchakavu wa umri. Kwa mvuvi wa Pangani, mkata mkonge wa Muheza au kuli wa bandari ya Tanga, bega bovu ni riziki iliyopotea. Mpasuko wa sentimita 3 hadi 5 huhesabiwa kuwa mkubwa.

Mwaka 1911 Ernest Codman wa Boston, Marekani, alieleza jinsi alivyozishona kano hizo. Siku hizi daktari hupasua bega, au hupitisha kamera nyembamba katika matundu madogo. Huikwamua kano, huivuta hadi mfupani, kisha huifunga kwa nyuzi zilizoshikwa na nanga ndogo.

Mshona tanga ajua kwamba uzi mpya haushiki kitambaa kilichooza. Ndivyo ilivyo hapa. Msuli uliokaa muda mrefu bila kazi husinyaa na kujaa mafuta, na kano yake hukatwa na uzi. Kwa hiyo aliyeumia ghafula asingoje miezi. Afike mapema Hospitali ya Bombo, ambako anaweza kupewa rufani kwenda KCMC, Moshi, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili.

Mpasuko usioshoneka una njia nyingine. Mwaka 1985 Paul Grammont wa Ufaransa alibuni bega bandia lililogeuzwa: tufe hukaa kwenye mfupa wa bega na kikombe kwenye mkono, hivyo msuli wa nje huuinua mkono peke yake. Wazee wengi, hata hivyo, hupata nafuu kwa mazoezi tu.

Baada ya kushonwa, mkono hutundikwa shingoni kwa muda wa majuma 6 hivi, na kazi nzito hungoja kiasi cha miezi 6. Anayerudia nyavu mapema huweza kuipasua kano upya.

Maswali
1. Kwa nini bega huteguka kwa urahisi kuliko nyonga?
2. Eleza kwa nini mpasuko wa zamani ni mgumu kushona.