Seli shina: zinatoka wapi?

Wazazi wa hapa Singida wenye mtoto wa selimundu husikia kwamba Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, hupandikiza uloto. Wengine hutuuliza: je, si ndizo seli shina zinazokatazwa na Kanisa?

Sizo. Uloto hutolewa kwa ndugu, naye hubaki hai. Katazo la Dignitas Personae (2008) linahusu seli za kiinitete cha siku kama 5 hivi. Kuzitoa ni kukiua. Namba 32 ya hati hiyohiyo inaruhusu seli za mtu mzima, mradi asidhurike vibaya, na za damu ya kitovu mtoto anapozaliwa. Basi swali la kwanza ni zimetoka wapi, si zinaitwaje. Mzazi asizuiwe na dhamiri. Gharama ni habari nyingine.