Spika Zinazosema Kila Kitu, ila Haziimbi

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu mwenye mapenzi makubwa na taarab ya zamani, alinunua spika mbili ndefu zinazomfika kifuani. Bei yake ingetosha kununua pikipiki mpya na chenji ikabaki. Miezi michache baadaye akanipigia simu. "Ndugu yangu, hizi spika zinasema kila kitu, ila haziimbi. Nikisikiliza nusu saa, nimechoka." Alitaka kuziuza atafute nyingine. Nikamwomba asubiri. Anayebadilisha spika bila kujua kilichomchosha anaweza kununua uchovu uleule kwa bei ya juu zaidi.

Tuanze na hewa, maana spika haina kazi nyingine ila kuisukuma na kuivuta hewa. Koili ya waya hukaa ndani ya uga wa sumaku. Umeme wa muziki ukipita, koili huenda mbele na kurudi nyuma, na koni iliyogundishwa kwake huitikisa hewa iliyo mbele yake. Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric waliueleza muundo huu mwaka 1925, na spika nyingi za leo bado zinaufuata. Mtikisiko mmoja kwa sekunde ni hezi moja. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia hezi 20 hivi hadi kama 20,000.

Hakuna koni moja inayoyaweza yote hayo vizuri. Ukishusha mtikisiko kutoka hezi 100 hadi 50 na ukitaka nguvu ya sauti ibaki ileile, koni lazima iende mbali mara nne zaidi. Ndiyo maana besi hudai koni pana, inayohamisha hewa nyingi. Lakini koni hiyo pana ni nzito mno kutikisika mara 10,000 kwa sekunde. Kwa hiyo fundi huweka wufa kwa sauti nene na twita kwa sauti nyembamba, na ndani ya sanduku huweka sakiti inayogawa kazi: hapa wufa aishie, hapa twita apokee.

Mahali pa kupokezana ndipo penye siri, na hapo naomba twende polepole.

Katika nyuzijoto 20, sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Gawanya kasi hiyo kwa hezi, utapata urefu wa wimbi moja. Wimbi la hezi 100 lina urefu wa karibu mita tatu na nusu, la hezi 10,000 halifiki sentimeta nne. Sasa linganisha wimbi na upana wa koni inayolitoa. Wimbi likiwa refu kuliko koni kwa mbali, sauti husambaa pande zote, kama mwanga wa kandili iliyowekwa katikati ya chumba. Likiwa fupi kuliko koni, sauti huenda mbele tu, kama mwanga wa tochi. Koni haigeuki tochi kwa ghafla, ni kidogo kidogo, lakini kanuni ni hiyo.

Wufa za rafiki yangu zina upana wa sentimeta 20. Wimbi lenye urefu huo ni la hezi 1,700 hivi. Juu ya hapo wufa inaanza kuwa tochi, na bado inaendelea kufanya kazi hadi karibu hezi 3,000, ambapo inamwachia twita mwenye upana wa sentimeta mbili na nusu. Twita huyo, kwa wimbi la urefu wa sentimeta 11, ni kandili kabisa. Basi sauti inayokwenda pembeni inapungua, inapungua, kisha inafurika tena ghafla. Na eneo hilo ndilo linalobeba konsonanti za mwimbaji na ukali mtamu wa fidla.

Aliyekaa katikati, mbele ya spika, atauliza pembeni kunamhusu nini. Kunamhusu sana, kwa sababu anakaa ndani ya chumba. Sauti ya pembeni hugonga ukuta na kurudi. Ikiwa imezunguka mita mbili zaidi, itachelewa kama milisekunde sita. Sikio haliihesabu kuwa mwangwi, bali huichanganya na ile iliyotangulia na kuzipokea zote mbili kama sauti moja ya mwimbaji mmoja. Zile mbili zisipofanana, sikio linaletewa mashahidi wawili wenye maneno tofauti juu ya mtu yuleyule. Naamini kuchoka kwa mwalimu kulitoka hapo. Na sebule zetu za ukuta wa saruji, vigae sakafuni na vioo madirishani hurudisha karibu kila kinachozigonga.

Floyd Toole alilichunguza jambo hili kwa miaka mingi katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, mjini Ottawa. Aliwaketisha wasikilizaji mahali wasipoweza kuziona spika, wakazipa alama kwa masikio peke yake. Zilizopendwa zaidi ni zile zilizotoa hezi zote kwa nguvu sawa mbele, na kwa mteremko laini pembeni. Baadaye, yeye na Sean Olive walionyesha kwamba wasikilizaji wakiziona spika, alama hubadilika. Macho yana kura yao, na umbo kubwa huipata.

Ndipo nikamweleza mwalimu habari za LS3/5a, spika ndogo iliyobuniwa na wahandisi wa BBC katika miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya kurushia matangazo nje ya studio. Sanduku lake lina ujazo wa lita tano tu, na besi ya chini kabisa haina. Koni yake ina upana wa sentimeta 11 hivi, nayo inamwachia twita karibu hezi 3,000, yaani palepale ambapo wimbi linalingana na upana wa koni, kabla haijawa tochi. Spika hii iliyokusudiwa kukagua matangazo imependwa majumbani kwa nusu karne, hasa kwa sauti ya binadamu.

Tulifanya jaribio lisilo na gharama. Tukaweka rekodi ya mwimbaji mmoja, mwalimu akasimama mbele, kisha akatembea taratibu kuelekea pembeni. Hatua tatu tu, mwimbaji akawa kama amefunikwa kwa leso. Tukazisogeza spika mbali na kona, uvumaji wa besi ukapungua. Tukatandika zulia na kuvuta pazia zito, ukali ukapungua pia. Leso ikabaki palepale.

Hapo nikakubali kwamba spika ziende. Dukani tulilinganisha jozi tatu, tukihakikisha zote zina ukubwa uleule wa sauti, kwani iliyo juu kidogo huonekana bora hata kama si bora. Alichukua ndogo, zenye wufa ya sentimeta 13. Kishindo cha besi anakikumbuka, na ananiambia hivyo bila kuficha. Lakini jioni niliyomtembelea aliinuka katikati ya wimbo kwenda jikoni kuleta kahawa, akasimama mlangoni na birika mkononi, ameegemea kizingiti, hadi wimbo ukaisha.