Andaa kikundi kabla mnada haujafungwa



Ugonjwa wa mlipuko ukiingia, uwe wa watu au wa mifugo, soko ndilo hutetereka kwanza. Mnada hufungwa kwa karantini, au wanunuzi wa maziwa na nyama machimboni hupungua. Mahitaji ya nyumbani hayapungui. Hapo familia huuza mtamba kwa bei ya kutupa, au hukimbilia mkopo wa "kausha damu". Ipo njia nyingine, lakini huanza kabla ya shida.

Tulichojifunza wakati wa UVIKO-19

Septemba 2021, Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinishia Tanzania mkopo wa dola milioni 567, karibu shilingi trilioni 1.3. Sehemu kubwa ilikwenda kwenye madarasa, afya na maji. Hayo yametufaa wote, lakini fedha hizo hazikugawiwa nyumba kwa nyumba kurudisha mitaji iliyokufa. Mfugaji mwenye biashara ndogo ana mlango mwingine ulio karibu: halmashauri yake.

Mkopo wa asilimia 10

Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: wanawake asilimia 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Mikopo hii ilisimamishwa Aprili 2023, ikarejeshwa 2024. Kikundi kilicho tayari hakianzi upya mlango unapofunguliwa.

Akina mama wanaweza kuuza maziwa, na vijana kunenepesha madume. Baba mwenye kundi, usijifiche nyuma ya kikundi cha mama. Fedha ikipotea, wanaodaiwa ni wao.

Hatua za kufuata

1. Ungane na watu mnaoaminiana, wenye vitambulisho.
2. Andikeni katiba ya kikundi na mihtasari ya vikao.
3. Muoneni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata awaelekeze usajili na masharti ya sasa.
4. Fungueni akaunti ya benki kwa jina la kikundi, mwanze kuweka akiba.
5. Andaeni andiko la mradi. Afisa mifugo atawasaidia makisio ya malisho, chanjo na dawa.

Pigeni hesabu kabla ya kusaini

Kwa mfano, watu 5 wakikopa shilingi 3,000,000 kwa miezi 12, marejesho ni 250,000 kwa mwezi, yaani 50,000 kila mmoja. Pimeni kwa maziwa ya kiangazi, si ya masika. Kama faida ya kiangazi haifiki hapo, ombeni kidogo.

Mnada ukifungwa mkiwa katikati ya marejesho, msinyamaze. Toeni taarifa kwa maandishi mapema. Fedha mnayorejesha ndiyo atakayokopa jirani yenu.

Usifidie hasara kwa nyama

Ng'ombe akifa ghafla, usimchune, usimpasue wala usiuze nyama yake. Huenda ni kimeta, na kimeta huua watu. Mtaarifu afisa mifugo mara moja. Ng'ombe mmoja aliyezikwa ni hasara ndogo kuliko msiba.

Wiki hii, kaeni kikao cha kwanza. Mkikwama kwenye andiko, njooni ofisi ya mifugo ya kata.