Mifumo Miwili, Mwenye Kauli Mmoja

Mdogo wangu wa Loresho unayesimamia kompyuta za zahanati, nimekusikia. Mapokezi wana mfumo wao, duka la dawa lina wake. Mgonjwa akibadilisha nambari ya simu mapokezi, wa dawa wanaendelea kupiga ile ya zamani. Sasa unaniomba nikutajie programu ya kuziunganisha hifadhidata hizo. Tulia kwanza. Kaeni muamue mwenyewe wa kila taarifa ni nani. Simu na makazi, mapokezi. Bei na akiba ya dawa, duka. Asiye mwenyewe asome tu, asiandike.

Kisha kila mgonjwa apewe nambari moja isiyobadilika kotekote. Usimtambue kwa jina. Kina Wanjiku wa Kangemi pekee watakutoa jasho. Wala kwa simu, maana hiyo ndiyo inayobadilika.

Usihamishe jedwali zima kila usiku. Kila rekodi ibebe saa iliyoguswa mwisho, uhamishe zilizobadilika tu. Hakikisha saa za mashine zote mbili zinakubaliana, la sivyo baadhi ya rekodi zitakuponyoka. Na kufuta, dada, acha kabisa! Rekodi iliyofutwa haiachi alama, upande wa pili hautajua, na kesho utaiona imerudi. Iandike tu kuwa imefungwa.

Stima ikipotea, mabadiliko yasubiri foleni, yatumwe tena. Yakifika mara mbili, yaandikwe mara moja. Tazama malipo ya M-Pesa: kila muamala una msimbo wake wa herufi na tarakimu 10. Msimbo ukija tena, mfumo wako uupuuze, usimwongezee mtu salio.

Je, watu wawili wakigusa rekodi moja kwa wakati mmoja? Kwa anwani, ya mwisho ishinde. Kwa mzio wa dawa, hapana: zote mbili ziwekwe mbele ya daktari aamue.

Tena kuilinganisha mifumo yote miwili si jambo la hiari. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kusahihishiwa taarifa zake zenye makosa. Ukisahihisha mapokezi ukaacha duka, bado hujamsahihishia.

Kwa hiyo kesho anza na karatasi. Orodhesha taarifa zote, na kando ya kila moja andika mwenye kauli. Mstari mtakaoubishania ndio ambao programu yoyote ingeshindwa kuwaamulia.